Nani Mtoro?

Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hulala foleni Tunduma, na foleni haiulizi vidonge vyake vya kufubaza virusi vya UKIMWI vimebaki vingapi. Vikimwishia, huenda akadaiwa barua ya uhamisho, ilhali hajahama, yumo kazini. Akikosa tarehe ya kliniki yake, daftari humwandika “mtoro”. Neno gani hili! Mafuta apelekayo na shaba arudiyo nayo vina nyaraka zinazotambuliwa na nchi tatu. Kadi yake ya tiba yaweza kutiliwa shaka wilaya ya jirani. Ndugu watumishi, nani kamtoroka mwenzake? Mpeni dawa za miezi sita, na kadi isomeke Nakonde kama isomekavyo Temeke.