Kugeuza Picha Kuukuu Mtandaoni: Bure Yenye Gharama

Mojawapo ya masuala ambayo hayajapewa uzito unaostahili humu nchini ni hatima ya picha na nakala za hati zilizoingizwa katika kompyuta miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii. Baadhi zimo katika miundo iliyokwisha kupitwa na wakati, kama vile PCX, ambayo simu na kompyuta mpya aghalabu hushindwa kuifungua. Aliyefikwa na dhiki hiyo hapa Eldoret hukimbilia kibanda cha intaneti, na mhudumu huipeleka picha kwenye tovuti ya kigeni inayogeuza faili bila kudai hata senti. Dakika mbili baadaye kazi imekwisha. Je, ni kweli kwamba haikulipiwa?

Gharama ya kwanza ni siri ya mwenye picha. Nyingi kati ya tovuti hizo huichukua faili hadi kwenye mitambo yao, mara nyingi nje ya nchi, ndipo ziigeuze. Ikiwa ni picha ya kitambulisho au hatimiliki ya shamba, basi jina, nambari na sahihi vimekwisha kukabidhiwa mtu asiyejulikana. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya raia, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka masharti ya kuhamisha data za watu nje ya Kenya. Lakini sheria humfaa nani iwapo hati imekwisha kutoka mikononi mwake kwa hiari? Mnamo Machi 2025, ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitahadharisha kwamba wahalifu hutumia tovuti za aina hii kupenyeza programu haribifu na kuiba habari.

Gharama ya pili haionekani upesi. Kugeuza muundo wa picha si kunakili tu, bali ni kama kutafsiri, na si kila lugha ina nafasi ya kubeba yote yaliyosemwa katika nyingine. Muundo wa GIF, uliotolewa mwaka 1987, hubeba rangi zisizozidi 256. JPEG, ulioidhinishwa mwaka 1992, hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ndogondogo ambazo jicho halizikosi sana. Na kila picha inapohifadhiwa upya kwa muundo huo, sehemu nyingine huweza kupotea.

Katika picha ya arusi hasara hiyo huenda isitambulike. Katika hati ni balaa. Chukua miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwanzoni mwa neno, herufi za ta na nun zina umbo moja: ta ina nukta mbili juu, nun ina moja. Nukta mbili zikififia zikawa kama moja, neno "tata" litasomwa "nata". Ndivyo pia nambari ya shamba iliyopigwa chapa hafifu: 3 huweza kugeuka 8, na ndugu wakafikishana mahakamani.

Wapo watakaodai kwamba si kila mtu ana kompyuta, na kwamba faili isiyofunguka ni sawa na iliyopotea. Hoja hiyo ina uzito. Kuziacha picha ziozee katika miundo ya kale si kuzihifadhi. Hata hivyo, njia salama ipo, nayo pia haina malipo. Programu kama ImageMagick na GIMP hugeuza picha ndani ya kompyuta yenyewe, bila faili kupelekwa popote. Mhudumu wa kibanda aweza kuziweka mara moja zikawafaa wateja wote. Nakala ya msingi na igeuzwe kuwa TIFF au PNG, miundo inayoweza kuhifadhi picha bila kuipunguza, kisha ile ya JPEG itolewe kwa matumizi ya kila siku. Zaidi ya yote, faili ya asili isifutwe kamwe.

Jukumu hili lisiachiwe raia peke yake. Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu na vyuo vikuu vya eneo hili vinao wataalamu na mitambo. Havishindwi kutenga dawati ambapo mwananchi atageuziwa hati zake kwa usalama. Eneo hili lilishuhudia nyumba zikiteketezwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Asiyejua thamani ya nakala iliyosalia na awaulize waliopoteza hati za asili. Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Tusingoje chungu kipasuke ndipo tuyakumbuke maneno yao.