Mfanyabiashara wa Tanga na Kipande Kisichoonekana

Biashara ya mwambao wa kaskazini ni ya zamani kuliko mipaka. Kabla ya wakoloni kuchora mstari kati ya Vanga na Jasini, majahazi ya Tanga na Pangani yalikwenda Mombasa, Pemba na Muscat na kurudi, na mali ilikopeshwa kwa kumjua mtu: mwana wa nani, anakaa mtaa gani, na deni la mwaka jana alilipa au hakulipa. Leo machungwa ya Muheza hupita Horohoro kwa malori, lakini mara nyingi bei imekwisha kukubaliwa kwenye simu kabla lori halijapakiwa. Iliki na mdalasini wa Amani, vikapu vya mkonge, vitenge na madira hupigwa picha na kutangazwa mtandaoni, na mnunuzi wa Mombasa au Muscat huagiza bila ya kumwona muuzaji uso kwa uso.

Swali la zamani, hata hivyo, lingali palepale: Huyu ni nani? Lililobadilika ni muulizaji. Zamani aliuliza mzee wa Ngamiani aliyemjua baba wa mkopaji. Siku hizi anayeuliza ni mtambo wa kampuni iliyo ng'ambo, nao hauulizi kwa sauti. Hutazama, hupima, kisha hutoa hukumu. Jambo hili linawahusu watumishi wa Serikali na walimu, kwa kuwa wengi wa wafanyabiashara hao ni wake zao, wadogo zao na wanafunzi wao wa jana, na si wachache kati yao wenyewe ambao huuza kitu mtandaoni baada ya saa za kazi.

ALAMA INAVYOCHUKULIWA

Mtu anapofungua ukurasa wa intaneti, programu anayotumia kuufungulia, yaani kivinjari, hutoa habari nyingi bila ya yeye kuombwa. Hueleza aina ya simu na toleo la mfumo wake, lugha iliyowekwa, saa za eneo, ukubwa wa kioo na aina za herufi zilizomo. Kurasa nyingine hukiamuru kivinjari kichore picha ndogo ambayo mwenye simu haioni, kwa kuwa vifaa hutofautiana kidogo katika uchoraji. Habari moja peke yake haimtambulishi mtu. Zikikusanywa pamoja hufanya kitu ambacho wataalamu wamekiita alama ya kidole ya kivinjari.

Alama hii ni tofauti na vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha ndani ya simu na ambazo mwenyewe anaweza kuzifuta. Alama ya kivinjari haikuwekwa ndani ya simu, hivyo hakuna cha kufuta. Hata programu za kuficha anwani ya mtandao, zile ziitwazo VPN, haziiondoi.

Mwaka 2010 shirika la Marekani la Electronic Frontier Foundation lilichapisha matokeo ya kupima vivinjari 470,161, na asilimia 83.6 vilikuwa na alama isiyofanana na nyingine yoyote. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walipima alama zaidi ya milioni mbili za watu wa kawaida na kuona kwamba zisizo na mfano zilikuwa asilimia 33.6 tu, na kwa simu asilimia 18.5. Takwimu hizo mbili zisisahauliwe, kwa maana ndani yake mna kiini cha jambo lote: alama hii humfichua mtu mmoja na kumchanganya mwingine.

MLINZI NA HAKIMU

Haki isemwe: alama hiyo ina manufaa yake. Mwizi aliyepata neno la siri la muuzaji wa Tanga na kujaribu kuingia kwenye akaunti yake kutoka nchi nyingine, kwa kifaa kigeni, huweza kuzuiwa mlangoni kwa sababu alama yake si ile iliyozoeleka. Wananchi wengi waliokwisha kupokea ujumbe wa matapeli wa kutaka ile hela itumwe kwenye namba hii hawatachukia kuwa na mlinzi wa namna hiyo.

Lakini wezi nao hujifunza. Aprili 2023 polisi wa nchi 17, wakiongozwa na FBI ya Marekani na polisi wa Uholanzi, walilifunga soko la siri lililoitwa Genesis Market. Pale mnunuzi aliuziwa maneno ya siri pamoja na vidakuzi na alama za vivinjari vya watu walioibiwa, ili aingie akiwa amevaa sura ya mwenye mali. Habari hizo zilitoka katika kompyuta zaidi ya milioni 1.5. Mlinzi akiweza kuvuliwa sare na sare ikauzwa, ni hatari kumkabidhi yeye peke yake nyumba nzima.

Ubaya mkubwa zaidi huanza mlinzi huyo anapofanywa hakimu. Masoko ya mtandaoni hutafuta alama zinazofanana ili kumnasa tapeli aliyefungiwa akarudi kwa jina jingine. Sasa tutazame maisha ya Tanga yalivyo. Mama muuza viungo huingia kwenye akaunti yake kwa kompyuta ya steshenari, ile ile inayotumiwa na watu thelathini kwa siku. Kijana wake hupeleka mzigo Lunga Lunga na kuifungua akaunti hiyo kwa simu yake akiwa upande wa Kenya. Ndugu aliye Muscat naye huifungua jioni ili ajibu wateja. Simu yenyewe ni ya bei nafuu, ya aina iliyojaa mjini kote, na kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya mtandao kwa pamoja. Kwa desturi za hapa, hiyo ni familia inayosaidiana. Kwa mtambo ulio ng'ambo, huenda ikaonekana ni genge.

Hukumu ikishatoka, akaunti hufungwa, na pamoja nayo hupotea majina ya wateja, sifa njema iliyojengwa kwa miaka, na pengine fedha ambazo hazijatolewa. Mama huyo hatajua kosa lake, wala hatajua amlalamikie nani. Tapeli mzoefu atanunua alama nyingine. Atakayeumia ni yule asiye na hila.

MANAMBA WA JANA

Mkoa wa Tanga hauhitaji kufundishwa maana ya mtu kugeuzwa namba. Katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni, vibarua walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo haikutiwa alama haikuwa na ujira, hata kama mgongo wake ulikuwa shahidi. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyao, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Harry Thuku na wenzake walikipinga hadharani katika miaka ya 1921 na 1922. Hakikufutwa mpaka mwaka 1947.

Kati ya kipande cha jana na cha leo kuna tofauti moja kubwa. Kile cha bati kilionekana. Aliyekivaa alijua amekivaa, na kwa hiyo aliweza kukikataa. Cha leo hakina uzito shingoni, na mvaaji wake hana habari nacho. Tena kinazidi kuruhusiwa: Desemba 2024 kampuni ya Google ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 16 Februari 2025 ingelegeza makatazo yake kwa watangazaji wa biashara wanaotumia mbinu hizo, na msimamizi wa faragha wa Uingereza akapinga waziwazi.

SHERIA TUNAYO

Taifa halikulala. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inazitaja alama za vidole kuwa taarifa binafsi, na inampa mtu haki mbele ya maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2019.

Kinachotakiwa sasa ni kuitumia. Ingefaa Tume itamke wazi, kwa Kiswahili chepesi, kwamba alama ya kivinjari inayomfikia mtu fulani ni taarifa binafsi sawa na alama ya kidole gumba. Ingefaa pia kila kampuni inayochuma kwa wauzaji wa Tanzania ilazimike kueleza sababu inapofunga akaunti, na kumpa mlalamikaji mtu wa kumsikiliza. Na kwa kuwa mfanyabiashara wa Horohoro yuko chini ya sheria mbili kwa siku moja, Tume ya hapa na wenzao wa Nairobi hawana budi kusikilizana.

WAJIBU WA WALIOSOMA

Wakati hayo yakisubiriwa, yako mambo ambayo mtumishi au mwalimu anaweza kuyafundisha leo. Akaunti ya biashara ifunguliwe kwa kifaa kimoja au viwili vinavyojulikana, na msaidizi apewe ruhusa yake mwenyewe pale soko linapokubali. Kompyuta ya steshenari isihifadhi neno la siri hata mara moja. Uthibitisho wa hatua mbili uwekwe, na kila mtu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ujumbe wa utapeli upelekwe 15040. Leseni, risiti na namba ya mlipakodi vitunzwe pamoja, ili siku ya mashaka mtu awe na cha kuonyesha. Majina ya wateja yaandikwe kwenye daftari, maana daftari halifungwi na mtambo. Na anayeuziwa akaunti iliyo tayari, au programu ya kubadilisha alama, akumbuke kwamba anamkabidhi ufunguo mtu asiyemjua.

Manamba wa mkonge walijua ni nani aliyeshika kalamu ya kutia alama kwenye kipande. Mfanyabiashara wa leo anastahili kujua angalau hilo. Wenye wajibu wa kumweleza ni sheria na waliosoma, na kila akaunti inayofungwa bila ya maelezo inaonyesha kwamba wajibu huo haujatimizwa.