Larsson alishawajibu wanaobeza mabao ya 'ligi ndogo'

TANGU straika wa Sweden, Viktor Gyökeres, atue Arsenal Julai 2025 akitokea Sporting ya Ureno, mashabiki hawajaacha kubishana: yale mabao 97 aliyofunga katika mechi 102 za Sporting yana uzito gani? Wapo wanaosema ni mabao ya ligi ndogo, kwamba mabeki wa kule wanapitika kirahisi.

Ubishi huo si mpya. Msweden mwingine, Henrik Larsson, aliishi nao miaka saba pale Scotland.

Celtic ilimng'oa Feyenoord mwaka 1997 kwa Pauni 650,000 tu. Hadi anaondoka mwaka 2004, alikuwa ameifungia mabao 242 na kubeba ubingwa wa ligi mara nne. Kejeli hazikukoma. Scotland ina timu mbili tu, watu walisema, Celtic na Rangers, hivyo hata kipa angefunga.

Mwaka 2001 alitwaa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya, na hesabu yake inachekesha. Bao la ligi kubwa kama ya Italia lilipewa pointi mbili, la Scotland pointi moja na nusu. Yaani mabao ya Larsson yalikatwa kodi kabla hata hayajahesabiwa. Alifunga 35, akapata pointi 52.5. Hernan Crespo wa Lazio alifunga 26, akapata 52. Kodi ililipwa, na bado kiatu kikaenda Glasgow. Hapo ni msimu mmoja tu tangu avunjike mguu vibaya kwenye mechi dhidi ya Lyon, Oktoba 1999.

Mwaka 2003 Celtic ilifika fainali ya Kombe la UEFA mjini Seville. Ilichapwa 3-2 na Porto ya Jose Mourinho, lakini mabao yote mawili ya Celtic alifunga Larsson, yote kwa kichwa.

Nusu saa ya Paris

Jibu kubwa lilikuja Mei 17, 2006, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Barcelona ilikuwa nyuma 1-0 mbele ya Arsenal iliyobaki na wachezaji 10 baada ya kipa Jens Lehmann kulimwa kadi nyekundu. Larsson, akiwa na miaka 34, aliingia dakika ya 61 akitokea benchi. Akampa Samuel Eto'o pasi ya bao la kusawazisha. Dakika chache baadaye akampa Juliano Belletti ya ushindi. Mchezo ukaisha 2-1.

Thierry Henry mwenyewe alikiri baada ya mechi kwamba aliyewamaliza ni Larsson, si mastaa waliokuwa wakiimbwa.

Usiku ule Larsson hakufunga. Alichofanya ni kujua asimame wapi, aguse mpira mara ngapi na amwachie nani. Ligi ndogo inaweza kumpa straika mabao ya mteremko, lakini akili ya namna hiyo haitegemei ubovu wa beki. Ukihama ligi, unahama nayo.

Kwa hiyo swali la Gyökeres limekosewa tangu mwanzo. Si kwamba kila anayetupia Ureno atatupia England. Wengi wamefeli. Ila wa kupima si jina la ligi, ni namna bao linavyopatikana. Novemba 2024 aliipiga Manchester City mabao matatu Ulaya, mawili kwa penalti. Anayembeza atataja penalti, anayemkubali atataja City. Wote wanahesabu tu.

Wamtazame asipokuwa na mpira. Wamtazame mechi kubwa ikiwa imekaza, anamfungulia nani njia. Larsson alichelewa kueleweka, akaondoka Scotland na miaka 32. Gyökeres alitua Arsenal na miaka 27, na muda wa kujibu anao.