Fomu ya Gredi ya 9 Si ya Kujazwa Garini



Jumamosi mbili zilizopita, dakika kumi kabla ya kipindi, nilimkuta mama mmoja langoni, mlango wa gari uko wazi, karatasi iko juu ya goti, anaandika haraka haraka. Binti yake, ambaye ni wa darasa langu, amesimama pembeni na begi lake. Nikamwamkia mama, nikauliza kama kuna tatizo. "Hapana, mwalimu, ni fomu ya shule tu, inatakiwa Jumatatu." Nikachungulia. Ilikuwa fomu ya kuchagua masomo ya gredi ya 10, na kwenye Hisabati alikuwa ameshatia tiki katika kisanduku cha Mathematical Literacy. Shuleni kwao wamemwambia huko mtoto atapata alama nzuri zaidi. Binti huyo huyo, kila nikiwapa insha ya "Nitakapokuwa mkubwa", anaandika daktari wa watoto. Mwaka wa tatu huu.

Nilimwomba mama asitie sahihi kwanza. Hakupendezwa, na sikumlaumu. Mimi ni nani? Nesi anayefundisha ngeli siku ya Jumamosi. Lakini tulipokaa baada ya kipindi tukaipitia ile fomu pamoja, aliniambia kitu ambacho nimeshakisikia kwa wazazi wengi hapa: alidhani habari ya udaktari huanza ukishafaulu matriki. Kumbe hapa Afrika Kusini huanza mtoto akiwa na miaka 14 au 15, siku fomu ile inaporudishwa shuleni.

Kwa wageni wa mfumo huu, matriki ni masomo saba. Lugha mbili, Hisabati ya aina moja au nyingine, Life Orientation, halafu matatu ya kuchagua. Shule zetu za kitivo cha udaktari zinaanzia hapo. Wits, ambayo iko hapa hapa mjini kwetu, inataka Kiingereza, Hisabati kamili, na Physical Sciences au Life Sciences, kila moja kuanzia daraja la 5, yaani asilimia 60 kwenda juu. Pretoria na Cape Town wanataka Physical Sciences yenyewe. Life Sciences peke yake haitoshi. Maths Literacy haikubaliki kwa udaktari popote kati ya hivyo vitatu. Na msidanganyike na hiyo asilimia 60, ni ya kuruhusiwa kuomba tu. Wanaochukuliwa wana alama za juu zaidi, kwa sababu waombaji ni wengi mno na nafasi ni chache.

Kwa hiyo maoni yangu, na nayasema bila kuzunguka: mtoto anayeutaja udaktari, hata kwa mbali, achukue Hisabati kamili, Physical Sciences na Life Sciences. Yote matatu. Kutoka Hisabati kamili kushuka kwenda Maths Literacy kunawezekana hata baadaye, mambo yakiwa magumu. Kupanda kutoka Literacy kwenda Hisabati kamili baada ya gredi ya 10 ni kama kumkimbiza basi lililokwisha ondoka stendi.

Sisemi Maths Literacy ni somo la wajinga. Mimi kazini napiga hesabu kila zamu. Lita 1 ya dripu iingie kwa saa 8, mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita: matone mangapi kwa dakika? (Watoto, pigeni wenyewe. Mkipata 42 kwa kukadiria, mko sawa.) Hesabu hiyo hata mtoto wa Literacy ataiweza, pengine kwa haraka kuliko mwenzake. Shida ni kwamba chuo hakimuulizi habari ya dripu. Kinaangalia jina la somo kwenye cheti, basi.

Kuna mzazi ataniambia, "Mwanangu Hisabati inamshinda, ana asilimia 48." Sawa. Asilimia 48 ya gredi ya 9 ina miaka mitatu ya kurekebishwa, ila urekebishaji uanze sasa na si mwaka wa mwisho, maana vyuo hupokea maombi katikati ya gredi ya 12, kwa hiyo wanachokitazama kwanza ni alama za mwisho wa gredi ya 11. Wits kitivo cha afya hufunga maombi tarehe 30 Juni. Ukihesabu vizuri, mtoto ana miaka miwili tu tangu fomu ile, si mitatu. Na kuna mtihani mwingine wa pembeni, NBT, ambao kitivo cha afya Wits na Cape Town huutumia pamoja na alama za shule. Nao una sehemu ya hisabati.

Nayajua haya kwa sababu mimi mwenyewe niliyakosa. Nilisoma sekondari Tanga miaka ya 1990. Tulipoingia kidato cha tatu tukaambiwa tuchague mkondo. Mwalimu wa Fizikia alikuwa na fimbo, maabara haikuwa na kitu, na rafiki zangu wote walikuwa wanalikimbia somo hilo. Nikalikimbia nami, nikabaki na Biolojia na Kemia, nikajiona mjanja. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, akauliza swali moja tu: ada ni ile ile? Ni ile ile. Basi akatia sahihi. Kidato cha nne nikafaulu Biolojia vizuri sana, nikawaambia watu wote nyumbani nakwenda kusoma PCB. Hiyo ni Fizikia, Kemia na Biolojia, na mpaka leo ndiyo njia ya kuingia udaktari Muhimbili. Unaendaje kidato cha tano kusoma Fizikia uliyoiacha kidato cha pili? Hakuna aliyekuwa amenieleza. Nikaenda uuguzi.

Siujutii uuguzi. Nimepokea watoto wengi duniani kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini sikuuchagua. Ulichaguliwa na msichana wa miaka 16 aliyekuwa anaogopa fimbo.

Kuna jambo la makaratasi ambalo wengi wetu hatupendi kulizungumza mbele ya watoto. Vyuo vya hapa hutoa nafasi chache sana za udaktari kwa asiye raia wala mkaazi wa kudumu, na NSFAS haimsomeshi mtoto wa namna hiyo. Familia nyingi za shule yetu ziko hapo. Ndiyo sababu nyingine ya kushikilia masomo yote matatu: huenda mtoto akarudi kuomba nyumbani. Dar es Salaam watataka waone Fizikia, Kemia na Biolojia katika vyeti vyake, baada ya NECTA kuvilinganisha. Nairobi nao wanatazama Biolojia na Kemia kwanza. Wazazi wa Lubumbashi na Bukavu, ninyi mliosoma mkondo wa Biochimie, mnalijua hili kuliko mimi. Mtoto mwenye Life Sciences bila Physical Sciences atafika kule hana Fizikia wala Kemia, maana hapa zote mbili zimo ndani ya somo hilo moja.

Sasa lile somo la saba. Ukishatoa lugha, Hisabati, Life Orientation na sayansi mbili, inabaki nafasi moja tu. Naomba, nafasi hiyo mwachieni mtoto. Nimeona wazazi wakiijaza Uhasibu "kwa usalama" wakati mtoto anapenda Historia au kuchora. Alama za somo hilo nazo zinahesabiwa, na mtoto hupata alama nzuri kwenye kitu anachokifungua bila kusukumwa.

Na lugha ya pili. Hapa nitawashangaza baadhi yenu. Shule nyingi za Johannesburg humpa mtoto achague Kiafrikaana au isiZulu, na wetu wengi hukimbilia Kiafrikaana kwa kuwa wamesikia ni rahisi. Rahisi kwa nani? Mtoto anayejua ngeli zetu akisikia umuntu na abantu, si ni mtu na watu? Amanzi ni maji, inyama ni nyama, ukufa ni kufa. Nilipofika nchi hii sikuwa na neno hata moja la Kizulu, na bibi mmoja wodini alikuwa akirudia "kubuhlungu, kubuhlungu" huku ameshika ubavu. Nikasikia uchungu ndani ya neno lile kabla hajaja mtu wa kunitafsiria. Daktari mdogo aliyekuwa zamu alisimama na faili lake, Kiingereza chake safi kabisa, akingoja mkalimani. Mtoto wenu akiwa daktari Soweto, wagonjwa wake hawatamweleza maumivu yao kwa lugha ya kitabu.

Ninyi wenyewe wanafunzi, neno moja. Kama hutaki udaktari, sema. Sema sasa, nyumbani, kwa adabu. Kuna mama na baba hapa ambao udaktari ni ndoto yao na si yako, na mimi nimefanya kazi na madaktari wa namna hiyo, wanachoka mapema. Na kama unautaka ukachelewa, usilie: Wits ina njia ya mtu mwenye shahada nyingine kuomba kuingia udaktari mwaka wa tatu. Ni njia ndefu, na watu wameipita.

Binti wa langoni aliipeleka fomu yake Jumatatu ikiwa na Hisabati kamili, sayansi zote mbili, isiZulu, na Sanaa ya Maigizo kwenye nafasi ya saba. Mama yake ananidai mwalimu wa Hisabati wa jioni, nami bado natafuta. Kama kuna mzazi aliye mhandisi au mhasibu mwenye saa moja ya wiki, anione.

Wengine ambao fomu zenu bado ziko mezani, Jumamosi ijayo nitabaki darasani baada ya kipindi mpaka saa saba mchana. Njooni na fomu, na ripoti ya muhula uliopita, na mtoto mwenyewe. Masharti ya vyuo hubadilika, kwa hiyo tutasoma pamoja ya mwaka huu. Chai ipo, vitafunio leteni wenyewe.