Aliyechoka Kufuga Akabidhi, Asitelekeze

Yapo mambo ambayo mtu huona haya kuyasema hadharani, na moja kati ya hayo ni kukiri kwamba kitu alichokipenda kwa miaka mingi hakimpendezi tena. Leo safu hii yakiri. Katika chumba cha mbele cha nyumba ya mwandishi, hapa Unguja, lipo hodhi la kioo la maji ya bahari, lenye mawe ya mwambani, matumbawe laini, samaki kumi na mmoja, na anemoni mmoja, yule mnyama laini afananaye na ua. Hodhi hilo lilianzishwa mwaka 2007. Kwa miaka mingi lilikuwa furaha ya nyumba na mshangao wa wageni; siku hizi limekuwa kazi tupu. Asubuhi mwenyewe hulipita bila ya kulitazama, na siku ya kubadilisha maji ikifika hutafuta udhuru. Amefikia kuwaza kupumzika. Katika kuwaza huko ameona kwamba jambo hili, ingawa ni dogo na la mtu binafsi, lina funzo linalowahusu wakazi wa visiwa hivi na wakuu waliokabidhiwa dhamana ya bahari yetu.

Asiyewahi kufuga viumbe wa mwambani huenda akadhani ya kuwa kazi yenyewe ni kuwatupia samaki chakula. Sivyo. Maji ya bahari yana chumvi ya kadiri ya sehemu 35 katika kila sehemu 1,000. Katika hodhi, maji hupanda hewani kila siku na chumvi hubaki. Basi kila siku hapana budi kuongeza maji matamu, la sivyo chumvi hukolea na viumbe huumia. Uchafu wa samaki hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu; vijidudu waishio ndani ya mawe huigeuza hatua kwa hatua mpaka ikawa naitreti, isiyodhuru sana, lakini hiyo nayo hulimbikizana, na dawa yake ni kupunguza maji ya zamani na kutia mapya. Pampu isimame, hewa hupungua. Joto lizidi, matumbawe hunyauka. Baharini kazi zote hizi hufanywa na bamvua na maji mafu, na kusi na kaskazi, bila ya mshahara wala likizo. Ndani ya hodhi, kupwa na kujaa ni mkono wa mwenyewe.

Wakazi wa Unguja wanakumbuka jinsi umeme ulivyokatika karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu, tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, baada ya kuharibika kwa njia ya waya upitao chini ya bahari. Katika siku zile nzito, mwandishi alikuwa akichota maji kwa kopo na kuyamimina tena kutoka juu, ili yapate hewa, na kila alfajiri alikwenda pwani na ndoo mbili. Usiku aliamka mara tatu. Samaki wawili walikufa, waliosalia waliokoka. Ajabu ni kwamba hakuwahi kuchoka wakati ule wa dhiki, naye amechoka sasa, wakati pampu inafanya kazi na maji yamo ndani ya pipa. Hivyo ndivyo ilivyo tabia ya mwanadamu: shida humtia nguvu, mazoea humlegeza.

Hatuoni kwamba kuchoka ni kosa. Shauku huja na kuondoka kama upepo, wala hakuna sheria iwezayo kumlazimisha mtu apende leo alichokipenda jana. Kosa huanza pale mtu anapodhani kwamba, kwa kuwa yeye amechoka, basi viumbe waliomo mikononi mwake nao watasubiri. Na hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mwamba wa baharini na ule wa ndani ya kioo, tofauti ambayo tungependa kila msomaji aitie moyoni.

Mwamba wa baharini hustawi unapopumzishwa. Katika Kisiwa Panza, huko Pemba, wavuvi wa pweza, wake kwa waume, wamewahi kukubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha kuifungua wakati wa bamvua. Pweza hukua upesi mno, na miezi michache yatosha kumfanya mdogo awe wa kilo. Desturi hiyo ilionekana pia kusini-magharibi mwa Madagaska kuanzia mwaka 2004. Na hapa karibu na mji wetu kipo kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwamba wake wa upande wa magharibi ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994, ukawekewa walinzi ambao baadhi yao walikuwa wavuvi, na hadi leo ni katika miamba yenye matumbawe mengi na ya kila namna katika sehemu hii ya bahari. Mwamba huo haukupandwa na mtu. Watu walizuia mikono yao tu.

Hodhi la kioo ni kinyume cha hayo. Likiachwa siku chache, kioo hushika ukungu wa kijani. Likiachwa wiki chache, mwani ulio kama nywele hufunika mawe na kuyanyima matumbawe mwanga. Kisha kiumbe mmoja hufa mahali pasipoonekana, huoza, amonia hupanda, na usiku mmoja watosha kuwaua waliobaki. Mwamba wa baharini tukiuacha hupona. Mwamba wa hodhini tukiuacha hufa. Basi yule asemaye kwamba analipumzisha hodhi lake kwa kuliacha, ajue ya kuwa hapumzishi kitu. Anaua polepole.

Historia ina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1853 nyumba ya kwanza ya samaki ya kutazamwa na umma ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake juu ya ufugaji wa viumbe wa baharini, na Waingereza wakashikwa na shauku isiyo kifani. Watu walimiminika pwani na ndoo na nyundo, wakabandua mawe na kuchukua kila kilicho hai, kila mmoja akitaka kuwa na bahari yake sebuleni. Shauku ile haikudumu hata miaka ishirini. Wengi walichoshwa na maji machafu na samaki wafu, wakaviacha vyombo vyao vikae vitupu. Mwanawe Gosse, Edmund, aliandika mwaka 1907 kwa majonzi kwamba vidimbwi vya pwani alivyovijua utotoni vilikuwa vimekwisha kuporwa na kuharibiwa. Shauku ilikuwa ya watu, na gharama ikawa ya pwani.

Lakini katika nchi zile zile ulikuwapo mfano mwingine. Mwaka 1828, Sir John Dalyell wa Uskoti alichukua anemoni mmoja kutoka katika mawe ya pwani akamweka ndani ya chombo cha kioo. Alipofariki mwaka 1851, mnyama yule hakutupwa. Alipokewa na mlezi mwingine, kisha mwingine tena, na kila mmoja aliendelea kumbadilishia maji na kumlisha. Alikufa mwaka 1887, baada ya kuishi miaka 59 chini ya ulezi wa binadamu, na gazeti likatangaza kifo chake. Bila shaka wapo kati ya walezi wale waliochoka. Hata hivyo mnyama hakupata kujua uchovu wao, kwa sababu palikuwapo mtu wa kupokea.

Huko ndiko kupumzika kwa haki. Mtu akichoka, na apunguze viumbe wapya, asiongeze hata mmoja. Amtafute mwenye moyo na uwezo. Amfundishe kazi kwa mwezi mmoja au miwili mbele ya hodhi lenyewe. Amwachie daftari la vipimo vya chumvi, joto na tarehe za kubadilisha maji. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na viumbe hai ni mali iliyo nyepesi kupotea kuliko zote.

Wengine watasema kwamba njia rahisi zaidi ni kuwarudisha viumbe baharini. Tunawaomba wasifanye hivyo kwa shauri lao peke yao. Kiumbe aliyekaa na viumbe wa nchi nyingine huweza kubeba ugonjwa usiojulikana kwetu, na aliyeletwa kutoka bahari nyingine huweza kuwa balaa. Yule samaki mwenye mapezi marefu kama manyoya na miiba ya sumu, ambaye kwake ni bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana karibu na Florida, Marekani, mwaka 1985, na wataalamu wanaona kwamba asili yake huko ni samaki walioachiliwa na wafugaji. Leo ameenea katika bahari ya Karibi na kufika mpaka Brazil, akila samaki wadogo wa miamba pasipo adui wa kumtosha. Ndoo moja ya mtu aliyechoka huweza kuwasumbua wavuvi wa nchi nyingi. Mwenye viumbe wa mwamba wetu wenyewe naye aulize kwanza kwa maofisa wa uvuvi, afuate watakavyomwelekeza.

Kwa wakuu wa Serikali tuna maombi matatu. La kwanza, hoteli, shule au ofisi inapotaka kuweka hodhi la viumbe wa mwambani kwa ajili ya mapambo au mafunzo, na iulizwe mapema: ni nani atakayelitunza shauku itakapopoa, meneja atakapohamishwa, na mwalimu aliyelianzisha atakapostaafu? Asiyekuwa na jibu asipewe ruhusa. La pili, watu waweze kujua mahali pa kupeleka viumbe wasioweza kuwatunza tena, bila ya kuogopa kukaripiwa. Kwani mtu anayeogopa hutupa usiku. La tatu, biashara ya samaki hai wa mapambo itazamwe kwa macho mawili. Pwani ya Kenya imekuwa ikiuza samaki hao ng'ambo kwa miaka mingi, na wapo wavuvi wanaopata riziki ya halali humo. Matumbawe magumu nayo yamo katika orodha za Mkataba wa Washington wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Lakini karatasi humhesabu kiumbe anapovuka mpaka tu. Haiulizi ataishi siku ngapi katika sebule ya mgeni ambaye mwakani atakuwa amependa kitu kingine.

Na kwa kuwa tumesema juu ya uchovu wa wafugaji, haki yataka tuseme pia juu ya uchovu wa ofisi. Mara nyingi eneo la bahari huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, boya jipya likatiwa maji, boti ya doria ikapigwa picha. Baada ya misimu miwili boya limekatika, boti haina mafuta, na wavuvi wa kigumi wamerudi kulipiga tumbawe kwa miti. Kamati ya kijiji iliyofunga mwamba wake kwa kujinyima haiwezi kumzuia mgeni mwenye mashine ikiwa ofisa aliyeahidi kuja haji. Kufunga mwamba ni kuupumzisha mwamba. Hakuwapumzishi walinzi wake. Ofisa aliyechoka naye afanye kama tulivyomshauri mfugaji: akabidhi kazi na daftari kwa mwingine, asiikalie.

Wakati wenyewe hauruhusu uzembe. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda na matumbawe mengi ya Pemba na Mafia yakageuka meupe na kufa. Mwaka 2016 yalipauka tena, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba kupauka kwa matumbawe kumeenea duniani kwa mara ya nne. Mwamba unaopigwa na joto wahitaji kupunguziwa mapigo mengine yote ili upate nafasi ya kurudi katika hali yake. Joto hatuwezi kulizuia kutoka Unguja, lakini nyundo, utupa na nyavu za kukokota twaweza.

Ama mwandishi wa safu hii, ameamua. Hatanunua wala kuchukua kiumbe mwingine. Yupo kijana wa jirani, mtoto wa mvuvi, ambaye kila jioni huja kusimama mbele ya kioo na kuuliza maswali ambayo mwenye nyumba ameacha kujiuliza. Tangu mwezi uliopita kijana huyo ndiye apimaye chumvi, na vipimo vyake ni sahihi kuliko vya mzee. Bamvua mbili zijazo hodhi litahamia kwao, pamoja na pampu, mapipa na daftari, na samaki mmoja wa mistari myeupe ambaye amekuwamo tangu mwaka 2007 na aliyeokoka katika giza la miezi mitatu. Mzee atapumzika. Huenda shauku ikarudi na huenda isirudi. Samaki hatakuwa na haja ya kujua.