Ulanzi usiishie kilabuni

MVUA zinapokolea mkoani Iringa, wakulima wa Kilolo, Mufindi na maeneo ya jirani huingia kwenye mianzi. Chipukizi hukatwa ncha, hufungwa mbeta, kisha hukatwa tena kidogo asubuhi na jioni ili utomvu uendelee kudondoka. Huo ndio ulanzi: mweupe, mtamu ukiwa togwa, mkali usio na sukari ukifikia mkangafu.

Kwa kaya nyingi fedha zake huja wakati mgumu, mahindi yakiwa bado shambani na ghala likielekea kwisha. Ndizo zinazonunua sabuni, dawa na madaftari.

Lakini ulanzi hauna subira. Huanza kuchacha ukiwa bado kwenye mbeta, na baada ya siku chache huwa siki. Mgema hawezi kusubiri bei nzuri. Msimu ukipamba moto kila kijiji kinao, na anayepanga bei ni mnunuzi. Wakati huohuo mtalii anayepitia Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha hunywa divai ya Afrika Kusini hotelini, asijue kwamba mkoa una kinywaji chake.

Jirani zetu wa Dodoma wamepata jina kwa zabibu, zao lililoletwa na wamisionari. Wenzetu wa Nigeria hufunga tembo la michikichi kwenye chupa na kulipasha moto ili lisiendelee kuchacha. Iringa inakwama wapi?

Wapo watakaosema tunahimiza ulevi. Ulanzi unanyweka tangu enzi za mababu, na hautaacha kunyweka kwa kufumbiwa macho. Chupa yenye kiwango cha kilevi kilichopimwa ni salama kuliko ndoo isiyojulikana ilikooshewa.

Tunashauri hatua ziwe ndogo lakini za kweli. Wagema wajiunge katika vikundi na waanze na usafi wa mbeta na ndoo. SIDO na Chuo Kikuu cha Sokoine wawasaidie kupata njia ya kuuhifadhi bila kuua ladha, na TBS iwaongoze mapema, isingoje kuwakagua. Halmashauri zinazokusanya ushuru vilabuni zirudishe sehemu yake kwa wagema.

Nao wakulima wakumbuke kuwa chipukizi lililogemwa haliwi mwanzi wa kujengea. Kila shina liachiwe machipukizi ya kukua, la sivyo tutakunywa leo na kesho tubaki na mbeta tupu.