Kishingo kwa ua wa Mangobo
Ukiwa na parsele ndogo Mangobo au Kabondo, hapa Kisangani, usikimbilie kuku wa kizungu eti kwa sababu anataga karibu kila siku. Isa Brown, mmoja wa kuku hao, hutaga kweli, ila haatamii. Akizeeka, warithi wake utawanunua tena kwa fedha taslimu. Na chakula chake ni cha gunia, si mchwa na makombo ya muhogo. Mimi ningeanza na kishingo, yule asiye na manyoya shingoni: sura hana, nakubali, lakini joto la Kisangani, mji ulio karibu na ikweta, halimchoshi upesi, na siku 21 za kuatamia hazimdai mtu umeme. Ugonjwa wa mdondo humuua naye pia, kwa hiyo chanjo ya matone inunuliwe kabla ya jogoo.